Mzee Asipokonywe Jembe

Ukienda likizo kwenu Masasi, usimpokonye mzee jembe kwa huruma ukamkalisha barazani kutwa. Utafiti wa Ufini uliotangazwa mwaka 2015 uliwafuata watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77. Waliounganisha mazoezi ya viungo na ya akili, chakula bora na kupimwa shinikizo la damu, akili zao ziliimarika kuliko za wenzao waliopewa ushauri tu. Basi mzee na atembee hadi mikoroshoni akihesabu kutoka 50 kurudi 1, polepole asije akajikwaa. Jioni mkaribishe kwenye bao: mashimo 32 na kete 64 zataka makini. Akianza kupotea njia aliyoizoea, mpeleke hospitali. Usiseme ni uzee tu.