Nguo ya Mwenzio si Aibu ya Taifa

Wapo wenzetu washikao kwamba kila avaaye nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine ana kasumba ya kikoloni. Hoja hii tunaikataa. Humlaumu mnunuzi kwa jambo asilolianzisha, tena huchanganya mambo mawili yasiyofanana.

Jambo la kwanza ni mtumba: robota la nguo zilizoachwa na wenyewe huko Ulaya na Marekani, likashushwa bandarini kwetu. Wazee waliziita "kafa Ulaya", na dhihaka ile ilikuwa na maana. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 ili pamba yetu itusitiri sisi wenyewe. Hata leo sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje kabla ya kufumwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kukomesha mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru, na ni Rwanda peke yake iliyoshikilia msimamo. Mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Je, mnunuzi wa soko la Karume ndiye aliyesalimu amri?

Jambo la pili ni nguo itokayo kwa mwananchi kwenda kwa mwananchi. Mama hupiga picha gauni la kitenge alilolivaa harusini mara moja, akalitangaza kwa simu, na mwingine mwenye sherehe akalinunua. Sababu zake ni wazi. Bei ni nafuu. Kitambaa kimekwisha kufuliwa, na kama ni cha kuchuja, kimekwisha kuchuja. Mwenye nguo yupo, aweza kuulizwa. Tena fedha hubaki humu humu nchini. Kweli, walaghai wapo, na picha haioneshi kila tundu. Lakini ulaghai haukuanzia kwenye simu. Huu ni udugu ule ule wa mdogo kurithi shati la kaka yake, ila sasa umevuka ukuta wa nyumba.

Utamaduni haulindwi kwa kumfokea mtu aliyekwisha kujisitiri. Atakaye wananchi wavae kitambaa kipya cha nyumbani, na akifume kwanza. Kisha akiuze kwa bei ambayo mkulima wa pamba mwenyewe ataimudu.