Mfundishe Mwanao Kiini Macho Kabla ya Mganga

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Mzazi mwenzangu, baba mmoja wa hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, alinisimamisha nje ya msikiti baada ya Swala ya Alasiri akaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi. Mwanawe wa miaka saba amejifunza kwenye simu namna ya kuficha kizibo cha soda kiganjani, kisha akajifanya anakitoa sikioni mwa dada yake. Nyumba nzima inacheka isipokuwa bibi, ambaye anasema mtoto anafundishwa uchawi. "Maalim, nimkataze?"

Nilimwambia asimkataze, bali amwongezee somo. Jibu hilo halikuwapendeza baadhi ya walimu wenzangu, nao wana haki ya kutaka dalili. Basi nalieleza hapa.

Tuanze na jambo ambalo hakuna Muislamu anayelibishia. Sihri ni haramu, na Mtume (S.A.W.) aliitaja katika mambo saba yenye kuangamiza, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Anayekwenda kwa mpiga ramli na kumsadiki, tunajua yaliyosemwa juu yake. Sikatai kuwa sihri ipo, kwani Qur'an imeitaja katika Suratul-Baqara aya ya 102. Hoja yangu ni kwamba kizibo cha soda si katika hayo.

Tatizo moja ni la lugha. Kiarabu hutumia neno sihri kwa mambo mengi sana. Imam Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria (1210), aliigawa sihri katika mafungu manane, na wepesi wa mikono unaohadaa macho ni fungu mojawapo. Kabla yake Abu Bakr al-Jassas, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 370 Hijria, alikwishaeleza katika kitabu chake cha Ahkamul-Qur'an jinsi mahodari wa mikono wanavyofanya kazi zao. Lakini kuingia katika neno moja hakufanyi mambo yawe na hukumu moja. Sisi Waswahili tuna bahati, kwani lugha yetu imetenga: uchawi una jina lake, na huku kuna mazingaombwe na kiini macho. Tazama neno lenyewe, kiini macho. Linakuambia kinachochezewa ni nini.

Wapo wanachuoni wa zama zetu waliofunga mlango kabisa, wakasema hata huo wepesi wa mikono haufai, kwa kuwa ni udanganyifu na ni njia ya kumzoesha mtu uchawi. Nawaheshimu, na hofu yao ina msingi. Mtoto anayefundishwa kwamba ana "nguvu", anayetamka maneno yasiyoeleweka na kudai jini linamsaidia, huyo amefundishwa ubaya, na mzazi wake ataulizwa. Lakini ukimfundisha mchezo pamoja na siri yake, hujamfungulia mlango huo. Naona umeufunga.

Turudi kwenye kisa cha Nabii Musa (A.S.), ambacho watoto wetu wanakisoma mapema. Suratul-A'raf aya ya 116 inaeleza kuwa wachawi wa Firauni waliyaroga macho ya watu na kuwatia hofu. Suratu Taha aya ya 66 inasema kamba na fimbo zao zilionekana kana kwamba zinakwenda mbio. Baadhi ya wafasiri walieleza kuwa walitia zebaki ndani yake, jua lilipopasha zikajongea. Sasa angalia ni nani aliyeamini kwanza fimbo ya Musa ilipozimeza. Firauni hakuamini, wala wakuu wake. Walioanguka kusujudu papo hapo ni wale wachawi wenyewe. Walijua ufundi wao unaishia wapi, kwa hiyo walipoona kisichokuwa ufundi walikitambua mara moja. Mtu asiyejua kiini macho ni nini atautofautishaje na muujiza?

Kutojua huko ndiko kunakotutafuna mitaani. Wapo abapfumu, kama wanavyoitwa kwa Kirundi, na wapo wenye kanzu na kofia kama mimi, wanaotaja Aya katikati ya kazi yao. Nitaje mbinu tatu tu. Ya kwanza ni karatasi nyeupe. Mganga anakupa uishike mwenyewe, anaipitisha juu ya moto, na polepole jina la "adui" yako linatokea kwa rangi ya kahawia. Jina hilo aliliandika kwa maji ya ndimu kabla hujafika, baada ya mpambe wake kukuhoji ukiwa barazani unasubiri zamu. Ya pili ni maji yanayogeuka "damu". Manjano hii hii ya jikoni ikikutana na maji ya sabuni au ya majivu hubadilika ikawa nyekundu. Kila mama aliyewahi kufua nguo yenye doa la mchuzi ameliona hilo na hakuogopa. Ya tatu ni kuumika. Mganga anafyonza kwa chuku mahali panapouma kisha anatema mfupa, nywele au sindano. Vilikuwa mdomoni mwake tangu mwanzo. Si ajabu kwamba Kiswahili kinasema mtu "anapiga chuku" anapotia chumvi maneno yake.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliuza cherehani yake kwa sababu ya karatasi ya aina hiyo. Jina lililotokea lilikuwa la wifi yake. Pesa zilikwenda, lakini huenda zikarudi. Wale mawifi wawili hawajasalimiana hadi leo, na watoto wao wanakaa mkeka mmoja madrasani kwangu.

Na wako waliopoteza zaidi ya cherehani. Mwaka 2008 hapa Burundi watu wenye ualbino walianza kuuawa mikoa ya mashariki, kwa sababu kuna waganga waliowaaminisha wateja wao kuwa viungo vya binadamu hao vinaleta utajiri. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia watu hatiani kwa mauaji hayo. Ndugu zetu wa Tanzania wamepata msiba huo huo, na mkubwa zaidi. Hakuna anayefikia unyama ule kwa siku moja. Kabla ya kuamini kiungo cha mtoto kinaleta mali, mtu anakuwa ameamini mambo madogo mengi, na mara nyingi ameyaamini kwa sababu aliyaona "kwa macho yake".

Hadaa ya namna hii imewahi kutumika hata na dola. Ufaransa iliivamia Algeria mwaka 1830, na miaka iliyofuata masharifu na mawalii wa huko waliendelea kuwa na sauti kubwa kuliko maofisa wake. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ikamtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, mtu aliyeanza maisha kama fundi saa akawa bingwa wa mazingaombwe Paris. Mbele ya machifu waliokusanywa Algiers, alimwita mwanamume mwenye misuli akampa kisanduku kidogo akiinue. Akakiinua bila shida. Kisha Mfaransa akasema sasa nimekuondolea nguvu, jaribu tena. Yule bwana alivuta akashindwa, akavuta tena, na mwishowe akapigwa na kitu asichokiona akaanguka. Chini ya kisanduku palikuwa na chuma, na chini ya sakafu sumaku ya umeme. Mpini nao uliunganishwa na waya. Robert-Houdin aliyaandika hayo mwenyewe katika kumbukumbu zake, na akaongeza kuwa baadaye wakalimani waliagizwa wawaeleze watu kwamba ulikuwa ufundi tu. Baadaye! Hofu ilikwishafanya kazi yake. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa heshima na wapiganaji. Kilichowashinda ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaonyesha sumaku ya umeme.

Linganisha na Mtume wetu (S.A.W.). Mwaka wa 10 Hijria, yaani 632, alifiwa na mwanawe Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Mtu wa hadaa angenyamaza tu, wala asingehitaji kusema uongo. Yeye aliswali pamoja nao kisha akawaeleza kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Alikuwa na huzuni ya mzazi, lakini hakuwaacha watu na dhana potofu hata iliyomtukuza yeye.

Wanachuoni waliofuata walishika mwendo huo. Katika karne ya 13 alikuwepo mtu wa Sham, Abdurrahim al-Jawbari, aliyeandika kitabu kizima cha kufichua siri za matapeli: waliojidai mitume, waganga wa uongo, ombaomba wa kujifanya wagonjwa, na wale waliodai kutengeneza dhahabu. Anaeleza kila hila inavyotendeka. Sijui kwa nini kazi ya aina hiyo leo tunawaachia wengine.

Sasa namna ya kufundisha. Kipimo ninachokitumia nimekipata katika mizaha ya Mtume (S.A.W.). Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, naye akamjibu kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Ndipo akaambiwa kwamba kila ngamia amezaliwa na ngamia. Imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Mzaha ulikuwa wa kweli tangu mwanzo, na fumbo likafumbuliwa hapo hapo, mtu akaondoka akiwa ameelewa. Mchezo wa mtoto nao uishe hivyo. Akishawashangaza nduguze, aonyeshe siri. Najua wenye kazi hiyo duniani wana mwiko wa kutofichua, lakini sisi hatulei wafanyabiashara wa jukwaani.

Wengine husema kwamba kuficha kizibo ni uongo. Ni hoja nzito, maana katika Abu Dawud kuna mama aliyemwita mwanawe kwa kumwahidi kitu, na Mtume akamwuliza alitaka kumpa nini. Aliposema tende, akaambiwa kama asingempa chochote angeandikiwa uongo. Ndiyo maana nasema mtoto atangulize maneno: "Huu ni mchezo wa mikono, nitazameni mnikamate." Aliyetangaziwa hivyo hajadanganywa, kama vile anayetegewa kitendawili hajadanganywa.

Vilevile asimtishe mtu. Kuna Hadithi ya masahaba waliokuwa safarini, mmoja akalala, wengine wakamchukulia kamba yake kwa utani, akashtuka. Mtume akawakataza kumtisha Muislamu. Kwa hiyo nyoka wa plastiki ndani ya kikapu cha mama haimo katika somo hili.

Kwa watoto wa miaka sita au saba, mpira mdogo wa kufungia noti unatosha. Uvishe kidole cha shahada na cha kati. Uvute upande wa kiganja, kisha ukunje ngumi huku ncha za vidole vyote vinne zikiingia ndani yake. Ukifungua ngumi, mpira unarukia vidole viwili vingine. Mpe afanye mbele ya kioo hadi azoee, na muulize kwa nini umeruka. Acha atafute jibu, hata ikichukua siku mbili.

Wakubwa kidogo wape hesabu. Fikiria namba, izidishe kwa mbili, ongeza 10, gawa kwa mbili, toa namba uliyoanza nayo. Jibu ni 5 daima. Ukimwacha mtoto agundue kwamba namba yake ilikwishatolewa na kilichobaki ni nusu ya ile 10, siku nyingine "mjuzi" akimtajia kilichomo moyoni mwake atauliza maswali. Nilipowafanyia hivyo wanafunzi wangu, binti wa miaka tisa aliinua mkono akauliza: "Maalim, yule babu aliyetoa mfupa begani kwa mama, mbona hakufungua mdomo kwanza?" Darasa lilinyamaza. Mamake anasoma kijarida hiki, na ameniruhusu kulitaja swali hilo.

Mwisho, pesa isiingie. Mtoto asicheze kwa kamari hata ya peremende, na mweleze wazi kuwa wale wa karata tatu kwenye vituo vya mabasi wanatumia mikono kama yake, na wanaoshinda pale ni wenzao. Maji ya ndimu na karatasi mfanyieni wazazi wenyewe, kwa sababu ya moto; pasi ya moto inatosha. Mwandikieni jina lake.

Wallahu a'lam.