Fundi ataje ugonjwa kabla ya kushusha giaboksi

Gia zikianza kukwaruza, wafanyabiashara wengi wa Busia na Tororo huambiwa mara moja wanunue giaboksi ya mtumba. Ushauri huo unafilisi watu.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Zima injini, ingiza gia. Zikiingia laini, kisha zikwaruze injini ikiwaka, shuku klachi kwanza. Ikikwaruza gia moja tu, mathalani ya pili, mara nyingi ni ringi yake ya shaba iliyolika, nayo hubadilishwa bila kununua giaboksi nzima. Oili pia ikaguliwe: ikipungua au isipokuwa ya aina inayotakiwa, huharibu vyuma vya ndani.

Suala hili si dogo. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Kwa mchuuzi wa mahindi, au ndugu aliyerejea nyumbani na akiba kidogo, gari kuukuu alilo nalo ndilo la kutunzwa.

Basi fundi ataje ugonjwa kwanza, na kifaa kibovu amkabidhi mwenye gari. Akikataa, heri kutafuta mwingine.