Mnunuzi wa sigara moja na hatari ya kulegeza matangazo

KISHERIA, msafiri anayetoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Bungoma hapaswi kuona bango hata moja la sigara. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutekelezwa Julai 2008, ilifunga mlango wa matangazo na udhamini wa bidhaa hizo.

Wanaotaka masharti ya matangazo yalegezwe, ya tumbaku na ya pombe vilevile, husema mtu mzima apewe habari kamili kisha ajiamulie. Hoja hiyo ina uzito ukumbini. Kibandani haina.

Mchuuzi au kibarua hununua sigara moja, akaiwasha kwa kiberiti cha mwenye kibanda na kwenda zake. Picha za maonyo zilizolazimishwa na kanuni za 2014 zimo kwenye pakiti, na pakiti hubaki kwa muuzaji. Sheria hairuhusu pakiti yenye sigara chini ya kumi, lakini biashara ya moja moja huendeshwa mchana kweupe. Mnunuzi huyu akiletewa matangazo, atakuwa amesikia upande mmoja tu.

Kampuni ya BAT Kenya ilipinga kanuni hizo hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Mwaka uo huo vifuko vya nikotini vilikuwa vimeingia madukani, vikiwa na usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu. Oktoba 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema usajili huo ulikiuka sheria.

Huko Malakisi, Bungoma, suala hili lina sura nyingine. Tumbaku imelimwa huko kwa mkataba kwa miongo kadhaa, na kwa mkulima kampuni ni mkopeshaji wa pembejeo kabla ya kuwa mnunuzi. Anayemhimiza aachane na zao hilo sharti amwonyeshe lingine lenye soko, kama ilivyojaribiwa Migori kuanzia 2022 kwa maharagwe yenye madini ya chuma.

Pombe ilisalia na uhuru mkubwa zaidi. Sheria ya 2010, maarufu kama ya Mututho, iliwekea matangazo masharti bila kuyapiga marufuku. Sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza watu mashuhuri wasitumiwe kunadi vileo, na umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21. Watengenezaji walilalamika mara moja, ingawa sera si sheria, na umri wa miaka 18 haukubadilishwa nayo.