Windows mpya isiiache Tchomia bila printa

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha rasmi huduma kwa Windows 10. Kuanzia siku hiyo kompyuta inayotumia mfumo huo inaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila haipati tena bure marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi. Huko Tchomia, kwenye mwambao wa Ziwa Albert, takriban kilomita 60 kutoka Bunia, tarehe hiyo haikuzuia mtumbwi hata mmoja kuingia ziwani. Habari yenyewe ilikuja kimya kimya, kupitia dirisha linalochomoza kwenye kioo katikati ya kazi na kumwambia mtumiaji kwamba ni wakati wa kuhamia Windows 11.

Anayeliona dirisha hilo humtafuta fundi, na mara nyingi humwambia kazi iishe leo leo. Jioni mashine inarudi ikiwa safi, na picha mpya kwenye kioo. Kesho yake asubuhi mwenyewe anagundua kwamba haina sauti, haioni Wi-Fi, maandishi yamekuwa makubwa kupita kiasi, na printa inayomlipia ada za watoto haitoi hata karatasi moja. Kompyuta haijaharibika. Imepoteza draiva zake.

Draiva ni programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuzungumza na kifaa fulani. Neno lenyewe ni lile lile lililotupa dereva wa gari, na kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wanayoijua Ituri, huitwa pilote. Kila kifaa kina ya kwake: kadi ya Wi-Fi, kadi ya sauti, kamera, kioo, printa. Mfumo mpya huja na draiva za vifaa vingi, lakini si vyote, na vinavyoachwa nje mara nyingi ni vile vya zamani. Hivyo ndivyo vilivyojaa katika mashine zinazofika huku.

Mahali penye intaneti ya kasi, jambo hili humalizika lenyewe. Windows inatafuta draiva zinazokosekana, inazishusha na kuziweka, na mwenye mashine hajui kama palikuwa na shida. Kwa Tchomia mtego uko papo hapo: kifaa cha kwanza kupotea mara nyingi ni Wi-Fi, na bila Wi-Fi kompyuta haiwezi kwenda kutafuta draiva ya Wi-Fi. Ni kama ufunguo wa nyumba kufungiwa ndani ya nyumba. Hapo fundi asiyejiandaa hushauri mashine irudishwe Bunia. Barabara ya kupitia Kasenyi na Bogoro kila mtu anaijua, gharama zake na hatari zake, katika jimbo ambalo limekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021. Mtu apande pikipiki na laptopu mgongoni, katika eneo la Djugu, kwa ajili ya faili ambalo pengine halizidi megabaiti 20.

Na si jambo dogo hata kama linasikika dogo. Kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi ndiyo ofisi ya watu wasio na ofisi. Hapo huandikwa barua ya kuomba kazi, hati ya mauzo ya mtumbwi, orodha ya wanachama wa chama cha wavuvi, mitihani ya shule. Mashine moja ikinyamaza wiki mbili, si mwenye kibanda peke yake anayekaa bila kazi.

Afya nako kuna jambo la kufikiria. Tchomia ni makao ya eneo la afya, na mwezi Septemba 2018 Ebola ilithibitishwa hapo, ugonjwa ukiwa umesafiri kutoka upande wa Beni. Congo hukusanya takwimu za afya kwa kutumia mfumo wa DHIS2, na takwimu hizo lazima ziingizwe na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yenye mtandao. Kompyuta iliyopoteza kadi yake ya mtandao kwa sababu ya kazi ya haraka inachelewesha ripoti, na mwambao huu unajua vizuri ripoti iliyochelewa inaweza kugharimu nini.

Je, lawama ni ya nani? Wa kwanza kunyooshewa kidole huwa fundi, na kwa sehemu anastahili. Kuna njia mbili za kuweka Windows mpya. Moja ni kupandisha mfumo juu ya ule wa zamani: mafaili, programu na draiva nyingi zinazokubalika huhamia pamoja. Nyingine ni kufuta diski yote na kuanza upya. Mafundi wengi huipenda ya pili, kwani ni ya haraka na inaondoa virusi vilivyojazana. Lakini inafuta pia kila draiva ambayo mtengenezaji aliiweka kiwandani, na zile alizoziongeza mtu miaka mitano iliyopita kutoka kwenye CD ya printa iliyokwisha kupotea.

Hata hivyo fundi wa Ituri hakuzichagua mashine anazoletewa. Nyingi ni za mtumba, zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya au za Ghuba, zikafika kupitia Kampala na kuvuka mpaka. Moja ina kibodi ya Kiingereza, nyingine ya Kifaransa, nyingine ya Ubelgiji ambayo alama zake haziko mahali pamoja na zile za Ufaransa. Muuzaji wa Kampala akishaweka Windows yake ya haraka, hakuna karatasi inayosema ndani kuna kadi gani.

Microsoft nayo ina sehemu yake, na si ndogo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, isipokuwa chache, ni ya kizazi cha nane au zaidi, yaani zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Laptopu nyingi za mtumba hazifikii hapo. Mafundi wanajua namna ya kulikwepa sharti hilo, na mashine mara nyingi hukubali. Lakini kampuni yenyewe inasema mashine kama hizo hazina uhakika wa kupata masasisho, na watengenezaji wa vifaa hawana haja ya kuziandalia draiva. Mteja anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutoa pesa. Kwa sasa mara nyingi haambiwi.

Kinachokera zaidi ni namna msamaha ulivyogawanywa. Ulaya, baada ya mashirika ya kutetea watumiaji kupaza sauti, watumiaji wa nyumbani walipewa mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya Windows 10, hadi Oktoba 2026, bila malipo. Wengine duniani waliwekewa uchaguzi: kuhifadhi mipangilio yao kwenye akaunti ya Microsoft, kutumia pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, au kulipa dola 30. Dola 30 Tchomia si pesa ya kuokota njiani, na mtu anayenunua mega za intaneti kwa siku hana hamu ya kupeleka chochote mawinguni. Waliotumia kompyuta hizo zikiwa mpya walipata nafuu kubwa kuliko wanaozitumia zikiwa zimechoka.

Wako watakaosema basi dawa ni kubaki na Windows 10 milele. Kwa mashine inayochapa barua tu na haiguswi na mtandao, hoja hiyo ina uzito. Printa inayofanya kazi ni bora kuliko picha mpya kwenye kioo. Tatizo ni flashi. Katika vibanda vya kuchapa kila mteja huja na flashi yake, na kila flashi imepita kwenye kompyuta kumi kabla ya hapo. Na kompyuta ya kituo cha afya yenye majina ya wagonjwa, au ya mfanyabiashara anayefungulia akaunti yake ya benki, haifai kubaki bila marekebisho ya usalama mwaka baada ya mwaka. Hizo lazima zihame. Swali ni zihame vipi.

Hapa ndipo inafaa kusema wazi kwamba kinga ipo, na haihitaji pesa. Kabla ya kugusa chochote, Windows 10 yenyewe inaweza kutoa nakala ya draiva zote zilizoongezwa juu yake. Fundi anafungua dirisha la amri kama msimamizi, anaandika pnputil /export-driver * na jina la folda iliyokwisha kutengenezwa, kisha anaihamisha folda hiyo kwenye flashi. Ni kazi ya dakika chache. Baada ya mfumo mpya kukaa, draiva zilizopotea hurudishwa kutoka kwenye folda hiyo, na nyingi za Windows 10 hukubali kufanya kazi kwenye Windows 11. Zinazokataa mara nyingi ni zile za mashine iliyokuwa na Windows ya biti 32, kwa kuwa Windows 11 ni ya biti 64 tu na draiva za aina moja haziingii kwenye nyingine. Printa za enzi ya Windows XP huanguka hapo, na kwa baadhi yake hakuna ujanja.

Aliyekwisha kuchelewa naye hajafungiwa mlango. Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB, ikiwekwa kugawa intaneti kupitia waya huo, hutambuliwa na Windows kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva ya ziada. Waya ule ule wa kuchajia, mradi uwe unapitisha data, unatosha kufungua mtego wa Wi-Fi bila mtu kwenda Bunia. Inashangaza ni watu wangapi wanaoshinda na simu ya namna hiyo mfukoni wakiambiwa mashine imekufa.

Na kifaa kisichojulikana kina namba yake. Kwenye orodha ya vifaa, kile chenye alama ya njano kikifunguliwa, ndani ya maelezo yake kuna herufi VEN na DEV zikifuatwa na tarakimu. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Ukijua hilo unakwenda moja kwa moja kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kifaa, badala ya kuandika maneno mawili kwenye kitafutio na kubofya la kwanza linalotokea. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote kwa kubofya mara moja ni za kuepukwa. Baadhi hudai malipo mwishoni, nyingine huleta matangazo na virusi. Draiva hufanya kazi karibu na kiini cha mfumo. Julai 19, 2024 kosa moja katika programu ya usalama ya CrowdStrike inayofanya kazi kwenye ngazi hiyo liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikiwemo. Hilo lilikuwa kosa la watu waaminifu.

Upandishaji ukienda vibaya, Windows huacha siku 10 za kurudi nyuma, ikiwa diski haikufutwa. Tena kazi hii isianzishwe jua linapozama wakati betri za paneli zimebaki nusu. Umeme ukikatika katikati, draiva zitakuwa tatizo la mwisho kuliwaza.

Kuhusu Linux, wanaoisifu wana haki zaidi ya wanavyopewa. Draiva zake nyingi zimo ndani ya mfumo wenyewe, haidai chipu ya TPM, na toleo la Ubuntu la Aprili 2024 lina masasisho ya bure hadi 2029. Kwa shule yenye laptopu kumi za zamani ni jambo la kujaribiwa, na linajaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Lakini baadhi ya kadi za Broadcom na printa za bei nafuu huleta kichwa kuuma huko pia, na programu za uhasibu zilizozoeleka hazihamii.

Yote hayo yanaweza kufanywa na mtu mmoja mmoja. Kinachokosekana ni wajibu wa taasisi. Mashirika na miradi inayokabidhi kompyuta kwa shule na vituo vya afya vya Ituri hupenda picha ya siku ya kukabidhi. Mkataba wa makabidhiano ungepaswa kueleza pia ni modeli gani, ina kadi zipi, mfumo wake utahudumiwa hadi lini, na nani atalipa siku huduma hiyo ikiisha. Flashi moja yenye draiva za modeli hiyo ingekabidhiwa pamoja na chaja. Idara za elimu na afya za jimbo, ambazo ofisi zake ziko Bunia mahali penye mtandao ulio na nafuu, zinaweza kushusha draiva za modeli zinazotumika zaidi mara moja na kuzisambaza kwa flashi mpaka Kasenyi, Tchomia na kwingineko. Gharama yake ni flashi kadhaa na siku mbili za kazi ya fundi mmoja.

Kwa upande wa mafundi, bei iliyobandikwa ukutani ya "kuweka Windows" ingegawanywa mara mbili: pamoja na draiva, na bila draiva. Na kabla mashine haijaondoka mezani, iwe ya papa mwenye kibanda au ya muuguzi, ichezeshwe wimbo mmoja, iunganishwe Wi-Fi, na ichapishe ukurasa mmoja mbele ya mwenyewe. Malipo yafuate baada ya hapo.