Si Macho Yako, Ni Kamera Zao

Wasee, hii stori ya "wewe huwezani na 3D" iishe. Mtu anavaa miwani, anaangalia gemu au filamu fupi ya 3D dakika tano, kichwa kinaanza kugonga, anavua. Aliyeitengeneza anamwambia akapimwe macho. Ni kweli kuna watu macho yao hayaunganishi picha mbili, na hao nitawarudia. Lakini wengi wanaoumwa kichwa hapo wanavuka barabara kila siku wakipima umbali wa matatu kwa macho hayo hayo. Shida iko kwa programu.

Angalia vile hii kitu inafanya kazi. Macho ya mtu mzima yametengana kama milimita 63, kila moja linaona dunia kwa pembe tofauti kidogo. Kompyuta inaiga hivyo kwa kuchora picha mbili, ya kamera ya kushoto na ya kulia. Anayeandika programu anashikilia vitu viwili. Kuna umbali kati ya kamera: ukiongeza, kina kinaongezeka. Halafu kuna konvajensi, yaani ni sehemu gani ya ile dunia ya gemu itakaa sawa na kioo cha skrini. Kitu kikiwa hapo, picha zake mbili zinalaliana. Kikiwa karibu zaidi kinatoka nje kukujia, kikiwa mbali kinazama ndani.

Sasa watu wanaharibu hapa. Mtu anajiambia, si macho yangu hugeuka ndani nikiangalia kitu cha karibu? Basi nigeuze kamera pia ziangaliane kidogo. Inakaa akili. Lakini kamera ikigeuzwa, picha inapinda: ukingo mmoja unakuwa mrefu kuliko mwingine, na picha ya mwenzake inapinda kinyume. Kwa kona za skrini, nukta ile ile inakuwa juu kwa jicho moja na chini kwa lingine. Manze, macho yako yanajua kugeuka ndani pamoja. Moja kupanda huku lingine likishuka, hiyo hayajazoea. Misuli inapigana na hiyo tofauti kimyakimya, wewe unasikia tu kichwa.

Dawa ilijulikana zamani. Kamera ziangalie mbele sambamba, kisha dirisha la kila moja lisukumwe kuelekea upande wa mwenzake. Unasukuma kiasi gani? Chukua nusu ya umbali wa kamera, zidisha na umbali wa ule ukuta wa karibu ambapo picha inaanza kuchorwa, gawanya kwa umbali wa konvajensi. Ni hesabu ya mstari mmoja. Blender ni ya bure na inakuja na njia hii tayari, kamera zikiwa zimetengana milimita 65. Kugeuza kamera, lazima mtu aende aichague mwenyewe. Na wanaichagua!

Ile inanikasirisha zaidi ni kufunga kina kwa kipimo kimoja na kumnyima mtazamaji njia ya kukibadilisha. Piga hesabu. Umetengeneza picha ya upana wa pikseli 1920, milima ya mbali umeitenganisha pikseli 30. Kwa simu yenye skrini ya sentimita 13 ikilazwa, hizo ni milimita 2, hakuna noma. Chukua faili hiyo hiyo uirushe kwa ukuta wa mita 10: pikseli 30 zimekuwa milimita 156. Macho yametengana 63! Ili kuunganisha hiyo milima, jicho la kushoto liende kushoto na la kulia liende kulia, kama kinyonga. Halafu unaambiwa hujazoea. Mtoto naye macho yake yako karibu zaidi, anafika mwisho mapema kuliko wewe.

Hata ukipiga hesabu vizuri, macho yanalenga skrini huku yakigeukia kitu kinachoonekana mbele au nyuma yake, na kila mtu ana kiwango chake cha kuvumilia hiyo. Hakuna namba moja ya wote. Nintendo walijua. 3DS ilipotoka 2011 ilikuwa na kitufe cha kusukuma pembeni: unapunguza kina mpaka kinazimika kabisa. Wale macho yao hayaunganishi picha walizima na kucheza gemu yote. Nvidia nao waliweka gurudumu la kina kwa kifaa cha 3D Vision, ingawa konvajensi waliificha kwa vitufe vya kibodi ambavyo hata havikuwa vimewashwa.

Kuna wenye watasema kina ni sanaa, mtazamaji ataharibu kazi yao. Na sauti je? Hata msanii akitaka ufungue spika mwisho, kitufe cha sauti bado ni chako.

Kwa hivyo ukipost gemu yako ya 3D wiki hii, weka kitufe cha kina pale pale mwanzoni, kianzie sifuri. Ile alama ya kulenga katikati ya skrini isogeze ikae kwa umbali wa adui, ama mtu ataona mbili akijaribu kupiga risasi. Na akikuambia kichwa kinamuuma, muulize ameangalia kwa skrini ya ukubwa gani kabla hujamtuma kwa daktari wa macho.