Fizikia: Majaribio yatangulie mafuriko Wema

MTIHANI wa KCSE huangukia msimu wa vuli, Mto Tana unapoweza kufurika. Novemba 2023, mtihani ukiendelea, mafuriko yalizifurusha familia nyingi katika kaunti ya Tana River.

Kwa mtahiniwa wa Wema, hilo labadili mpango wa kudurusu fizikia. Kani, joto, mwanga na umeme husomeka hata kambini. Lakini karatasi ya tatu, ya majaribio, ina alama 40 kati ya 200, wala haikaririki.

Uzi, jiwe, rula na saa vyatosha kuupima muda wa pendulo na kuchora grafu. Heri majaribio yakamilishwe kufikia Agosti, nadharia ifuate. Daftari hubebeka mtu anapohama, maabara haibebeki.